Mwenye Zamu Huweka Kwanza

Alhamisi, saa kumi kasorobo alasiri, Auma alikuwa akimlisha Mzee Sherali uji wa mchele kwa kijiko cha chai. Kijiko cha sita kilimezwa. Cha saba kilibaki mdomoni, uji ukateremka taratibu hadi kidevuni, na Auma akaufuta kwa pembe ya kitambaa kabla hajaelewa kwamba mzee ameshakufa. Aliweka bakuli chini, akamfumba macho, kisha akatazama ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa friji, ile ya zamu za kumhudumia mgonjwa. Alhamisi alasiri: Zoher.

Zoher, mtoto wa kiume wa mzee, alikuwa amepiga simu saa nane. "Dada Auma, nakuomba, nishikie zamu yangu leo. Nimekwama foleni ya Daraja la Nyali, magari hayaendi kabisa." Auma alimwambia asiwe na wasiwasi. Kwa miaka kumi na tisa ya utumishi katika nyumba ile ya Bondeni hakuwahi kumkatalia mtu zamu. Wengine wataita huo ujinga. Mimi sitamlaumu, maana nyumba nzima ilikuwa imesimama juu ya ujinga huo, na hakuna aliyelalamika.

Kadi zilikuwa chini ya mto, kama kawaida. Katika nyumba ya Sherali mtu akifa zilipatikana kadi chini ya mto wake, zenye vuguvugu, zimeandikwa kwa herufi za chapa. Alipokufa mkewe zilitoka mbili: moja ilimpa binti yao Naqiya bangili, nyingine ilisimamisha saa ya ukutani mpaka siku ya arubaini. Bangili zilimfikia, saa ikasimama. Nyumba za jirani zilikuwa na mabomba yanayovuja, hii ilikuwa na kadi.

Zilifuata kanuni za mchezo wa dukani. Chini ya nyumba Sherali aliuza madaftari, kalamu na vitu vya kuchezea, na kila Jumamosi alasiri aliburura meza mbili katikati, watu wakaja kutoka Ganjoni na Tononoka kucheza kadi za mashujaa na majitu, zile zinazonunuliwa kwa pakiti. Kadi nyingi zilikuwa na maneno yanayoanza na "Fulani akifa". Shujaa mmoja akianguka, kadi tano huamka kwa pamoja, kila moja inadai haki yake, na hapo ndipo watu walipogombana, na hapo ndipo Sherali aliposhuka kutoka kwenye kiti chake kuamua.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kadi zilizoamka pamoja hazitekelezwi pamoja, hupangwa rundo. Mwenye zamu huweka zake kwanza, mpinzani huweka zake juu yake, kisha rundo hutekelezwa kutoka juu kwenda chini. Aliyetangulia kuweka ndiye wa mwisho kupata. Kila mtu ana hiari ya kupanga zake mwenyewe, lakini hagusi za mwenziwe. Wageni walifurahi sana wakiambiwa watangulie, kwa sababu Mombasa ukiambiwa tangulia umeheshimiwa. Walitangulia huku wakitabasamu, wakaliwa.

Auma alijifunza mchezo akipeleka chai. Alisimama nyuma ya viti na sinia, akatazama, na mwaka wa pili mzee akamwambia aweke sinia chini, akae. Kufikia mwaka wa nne hakukuwa na mtu wa Ganjoni aliyetaka kukaa mbele yake. Ndiyo maana lililotokea Alhamisi ile haliwezi kuitwa ajali ya mtu asiyejua.

Mzee alikuwa ameahidi jambo mbele ya watoto wake wote wawili, wakiwa mezani, na sahani ya maembe katikati. "Nikifa, chumba cha juu nyuma ni cha Auma. Asimtoe mtu." Chumba hicho ndicho alichokaa Auma tangu siku ya kwanza. Humo alimlea binti yake Rosebella, ambaye sasa ni muuguzi Kisumu, na kwenye fremu ya mlango kulikuwa na alama za kalamu za urefu wake, mwaka hadi mwaka, mpaka alipompita mama. Auma hakuwa na mahali pengine pa kuita pake duniani. Alipoambiwa ahadi ile aliondoa sahani, akaenda jikoni, akasimama kidogo akishikilia sinki.

Zoher kwa upande wake alitaka kujenga ghorofa nane. Ikiwa chumba kingekuwa cha Auma wakati nyumba bado imesimama, nyumba isingebomolewa bila ridhaa yake, na ridhaa hiyo asingeitoa. Kila mmoja alilijua hili, na wote waliendelea kunywa chai pamoja.

Naqiya alifika kwanza, kwa kuwa aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Zoher alifika dakika kumi baadaye, shati lake kavu, akasema foleni imeachia. Waliinua mto wa baba yao kwa adabu, wakatoa kadi tano. Mbili zilikuwa na jina la Auma: *Sherali akifa, Auma apewe chumba cha juu nyuma*, na *Sherali akifa, Auma alie*. Tatu zilikuwa na jina la Zoher. Naqiya hakuwa na kadi. Tangu baba yao alipougua, yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa Jumamosi, na mwamuzi hachezi.

"Zamu ilikuwa ya nani?" aliuliza Naqiya.

"Ya Zoher," Auma alijibu. "Tazama friji."

"Kijiko kilikuwa mkononi mwa nani?" Zoher aliuliza kwa upole, kama anayemsaidia mtu kukumbuka.

Naqiya alitazama friji, akatazama bakuli. "Dada Auma, unajua wewe mwenyewe. Zamu ni ya mkono unaofanya, si ya jina lililoandikwa. Baba aliamua hivyo."

Ni kweli aliamua hivyo. Jumamosi moja Owais wa Tononoka aliinuka kwenda kupokea simu, akamwomba Auma amchezee mkono mmoja, kisha akarudi kudai kwamba zamu ilikuwa yake bado. Auma ndiye aliyebisha, akisema zamu ni ya aliyeshika kadi. Sherali alimpa haki Auma, naye Auma akashinda, na watu wakampigia makofi.

"Niliombwa," Auma alisema. "Alinipigia simu akaniomba."

"Najua, dada," Naqiya alisema. "Na ulikubali." Alikuwa akilia alipokuwa akitoa hukumu, lakini aliitoa yote, hakuacha neno.

"Basi tangulia, dada," Zoher alimwambia Auma, akamsogezea meza ndogo ya dawa.

Auma alishika kadi zake mbili. Hapo alikuwa na hiari moja tu, ya kupanga zake, na aliitumia kama mchezaji. Aliweka ile ya kilio chini kabisa na ya chumba juu yake, ili chumba kimfikie mapema hata kwa hatua moja. Kulia kungengoja. Zoher aliweka zake tatu juu bila kusita, mkono mwepesi wa mtu aliyefanya mazoezi: nyumba ibomolewe, kisha duka lifungwe, kisha wasio wa damu watoke. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa juu.

Sherali alizikwa asubuhi yake. Auma alikaa mkekani na wanawake wa mtaa, akamwaza mzee, kifua kikamjaa, na macho yakabaki makavu, kwa sababu kadi yake ya kilio ilikuwa chini ya nyingine nne. Wanawake waliona. "Kala chumvi yao miaka kumi na tisa, hata chozi!" alisema mmoja, na wenzake wakajifunika leso vinywani. Auma alisikia. Kuwaeleza kanuni za rundo msibani kungekuwa kukosa heshima.

Siku ya tatu kadi ya juu ilitekelezwa, Auma akatoka. Alichukua mkoba mmoja. Kitanda, cherehani, pazia la kijani na sufuria zake aliviacha chumbani makusudi. Alikuwa bado na tumaini, na tumaini lake lilikuwa kanuni pia: kadi ikitaja kitu kisichokuwapo tena, hukichukua kama kilivyokuwa mara ya mwisho kuonekana. Zoher abomoe atakavyo. Chumba kitarudi, na alama za Rosebella zikiwa mlangoni. Alipanga pa kulala Tononoka, na kila asubuhi alihesabu kadi zilizobaki juu ya yake.

Kadi hazina haraka. Duka lilifungwa mwezi wa pili. Kibali cha kubomoa kilikuja mwezi wa sita, tingatinga likaja wa saba. Kwa muda huo wote Auma alikata vitunguu bila kutokwa na machozi. Shangazi yake alifariki huko kwao, akasafiri, akazika, akarudi mkavu, na jamaa zake nao wakamsema.

Ukuta wa mwisho ulianguka Jumatano kabla ya adhuhuri. Kadi ya tatu ya Zoher, kama mbili za kwanza zilipotekelezwa, iligeuka nyeupe mkononi mwa Naqiya. Alishika iliyofuata, akaisoma kwa sauti mbele ya mafundi: Auma apewe chumba cha juu nyuma. Vumbi lilipotulia, chumba kilikuwapo. Kilikuwapo pale pale kilipoonekana mara ya mwisho, juu, ghorofa ya pili, upande wa nyuma, kimening'inia hewani bila ukuta wala nguzo chini yake. Dirisha lake lilikuwa na nondo zake. Pazia la kijani lilipepea. Mlango ulikuwa umefungwa na ulielekea mahali palipokuwa na ukumbi mdogo wa ngazi, ambapo sasa palikuwa na hewa.

Naqiya alimkabidhi ufunguo.

"Na ngazi?" Auma aliuliza.

"Ngazi haikutajwa, dada."

"Hongera, Auma," Zoher alisema, akampa mkono. Hakuwa akimkejeli. Alikuwa mtu wa adabu, na mtu akipewa haki yake hupongezwa.

Fundi mmoja alitaka kuleta ngazi ya mbao. Zoher alimkataza: ardhi ya chini ilikuwa yake, kazi inaendelea, mtu akianguka nani ataulizwa? Upande wa barabara ya nyuma ngazi ingefika dirishani tu, na dirisha lilikuwa na nondo ambazo Auma mwenyewe aliziomba, mwaka ule wezi waliposumbua mtaa.

Kadi ya mwisho ikatekelezwa: Auma alie. Akakaa juu ya tofali, akalia. Alimlilia Sherali kama ilivyoandikwa. Alililia vile vijiko sita, na alivyokuwa mzee akificha kadi nzuri chini ya kisahani cha chai akidhani hakuna anayeona, na siku aliyomwambia aweke sinia chini. Alilia kwa robo saa, machozi ya miezi saba, mpaka kadi ikawa nyeupe, yakakatika. Halafu aliinua uso akakitazama chumba chake. Alitaka kukililia. Alikaza uso, akashika kifua, akangoja. Rundo lilikuwa limekwisha, na kwa chumba hakukuwa na kadi.

Watu walizoea upesi. Chonga, muuza kahawa, alihamishia jiko lake chini ya chumba, upande wa barabara ya nyuma, kwa ajili ya kivuli. "Mama Auma, chumba chako chatufaa sana," alimwambia kila alipopita. "Mungu akuzidishie." Auma aliitikia amina. Alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, ufunguo ukiwa shingoni kwa kamba ya kiatu, akasimama kivulini mwake, akanywa kikombe kimoja.

Ghorofa nane ziliinuka. Mchoraji alikizunguka chumba, kikabaki upande wa nyuma wa jengo kwenye uwazi wa kupitisha hewa, na wapangaji wakafunga kamba za nguo kwenye nondo zake. Mwaka wa tatu wa kifo Zoher alisoma khitma ya baba yake katika makazi yake mapya, ghorofa ya pili ya jengo hilo, na alimwalika Auma kwa simu, kwa heshima zote, akamwomba aje mapema asaidie biriani. Auma alikwenda.

Dirisha la jikoni lilitazamana na mlango wake. Ulikuwa umbali wa mikono minne hivi, rangi haijabanduka. Hakuna ubao ulioruhusiwa kuwekwa pale, kwa usalama wa wapangaji. Auma alisimama na mwiko mkononi, akautazama mlango ambao nyuma yake Rosebella alikuwa bado na urefu wa miaka tisa, kumi, kumi na moja. Kisha alimenya vitunguu vya watu sitini, na machozi yakamtoka ya vitunguu tu.

Wageni walipokwisha kuondoka, Zoher alimsindikiza hadi kwenye lifti, akamshikia mlango.

"Tangulia, dada," alisema.

"Ahsante," alisema Auma, akatangulia.