Sisimizi wa Nyumba ya Halua

Nyumba ya kupikia halua haikosi sisimizi. Zeina, mke wa Hamud mpika halua wa Kariakoo, alikuwa akiwafagia tangu aolewe, wala hakuwatazama mara mbili. Walipoanza kujipanga mpaka chooni, pale pale mumewe anapokojoa, akasema ndiyo yale yale, shira ya sukari imemdondoka kwenye kikoi. Akamwaga majivu, akaendelea na kazi zake.

Kilichomchosha ni Hamud mwenyewe. Mtu aliyekuwa akikoroga sufuria la shaba tangu alfajiri hadi adhuhuri, sasa mwiko unamshinda! Anamaliza mtungi wa maji, anakwenda kukojoa, anarudi na kiu ile ile. Anakula sahani ya watu wawili na kanzu inazidi kumpwaya. Majirani, hodari wa kusema, wakasema moto wa halua umemkausha. Basi Zeina akawa anamkorogea sharubati ya asali apate nguvu, anamnywesha kijiko kwa kijiko, maskini, kwa mapenzi yake yote.

Mwishowe Hamud akashindwa kuinuka. Jiko likazimwa, sufuria likasuguliwa kwa mchanga, likapinduliwa uani. Juma zima nyumba haikunukia iliki.

Ndipo siku moja Zeina akaingia chooni na ndoo ya mkojo wa mumewe, akaganda mlangoni. Sisimizi hao, tele! Shira gani tena, na jiko limelala? Akatazama walipojazana: pale pale anapoimwaga ndoo hiyo. Sukari ile ilikuwa inatoka mwilini mwa Hamud.

Akamwita hamali mwenye mkokoteni, wakampeleka hospitali. Daktari alimsikiliza habari ya sisimizi, akapima mkojo, akatikisa kichwa. Ugonjwa wa sukari, alisema. Mwili umeshindwa kuitumia sukari, unaimwaga nje, huku wenyewe unakufa njaa. Sindano ipo, ya kila siku, maisha yake yote. Na kitu kitamu asikiguse, kila alichoonja kilikuwa kinamzidishia.

Zeina akakaa kando ya kitanda, hoi, hana hata nguvu ya kulia.

Hamud akafumbua macho, akamwona mkewe. "Mama Saadiya, umekuja na ile sharubati yako? Wallahi ndiyo iliyoniweka hai."

Zeina akageuka ukutani kidogo. Kisha akamimina maji matupu kikombeni, akamwinua kichwa, akamnywesha.

"Leo haina utamu," Hamud akalalamika.

"Najua, mume wangu," akasema, na machozi sasa yakamtoka. "Kunywa tu."