Gari Lililokuwa Likikonyeza

Mishi alisoma mpaka darasa la saba, halafu karo ikakatika. Lakini kuhesabu hakukumshinda, na kwa kungoja alimshinda mtu mwingine yeyote pale Makongeni, Thika. Akiwa kwenye kibanda chake cha chai, ubavuni mwa gereji ya mumewe, Rama, aliona kila gari lililoingia na kila mguu ulioshuka.

Mwaka ule, kabla ya mvua za El Nino, mguu uliomkosesha raha ulikuwa wa Magdalene, karani wa kiwanda kimoja huko Ruiru. Alikuwa na Toyota nyeupe iliyozeeka Japani kabla ya kuletwa Kenya, na mbele ya usukani kulikuwa na taa ndogo ya manjano, yenye mchoro wa injini, iliyokataa kuzima.

Rama alikuwa na mbinu yake. Alifungua kisanduku karibu na injini, akaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kupiga stata. Hapo taa ikaanza kukonyeza. Gari hutaja ugonjwa wake hivyo: hukonyeza, hupumzika, hukonyeza tena.

"Sasa hili linakonyeza nani?" Magdalene akauliza, ameinama bega kwa bega na Rama.

"Linajua lenyewe," Rama akajibu, na kicheko chake kilikuwa kile ambacho Mishi hakuwa amekisikia tangu mtoto wao Muna azaliwe.

Mishi akapeleka chai ambayo hakuna aliyeiagiza, akasimama kwenye dirisha la pili la gari, akahesabu taa inavyokonyeza. Mbili. Kimya. Moja. "Chai, fundi," akasema. Mbele ya wateja alimwita fundi kama wao. Aliona ndiyo heshima ya kazi.

Jumamosi ya kwanza Rama alisema ni plagi. Ya pili, waya. Ya tatu, petroli iliyochanganywa na mafuta taa. Na kila Jumamosi taa ilisema mbili, moja. Mishi akajiuliza, ugonjwa mmoja unapewaje majina matatu? Na toka Ruiru mpaka Thika, huyu dada amepita gereji ngapi?

"Baba Muna," alimuuliza wakila githeri, "lile gari la Ruiru lina nini?"

"Mambo ya injini hayo. Hutaelewa."

"Nieleze tu nisielewe."

Rama akaomba chumvi.

Jumatatu Mishi akaenda Ruiru kwa Mzee Kuldip, aliyemfundisha Rama kazi, na ambaye siku hizi aliuza vipuri vya magari yaliyofumuliwa.

"Mbili, moja?" mzee akasema. "Hiyo iko pua ya gari. Inakaa kwa ekzosi, inanusa moshi. Ikikufa, taa inawaka. Toa, weka ingine, nusu saa kwisha." Kisha akamtazama. "Lakini mimi nilipatia Rama hiyo kitu. Wiki mbili sasa. Yeye hapana ambia wewe?"

"Aliniambia," Mishi akasema. "Nilisahau."

Pua aliipata chini kabisa ya sanduku la spana, imeviringishwa kwa kitambaa, safi kama yai. Akairudisha palepale. Siku tano alipika, akafua, akamkaribisha mumewe chakula, na wivu ukimtafuna kama mchwa anavyokula nguzo, rangi ya nje ikibaki nzuri.

Jumamosi Magdalene akafika. "Niaje, fundi?" Rama alikuwa amekwisha kunawa mikono, na kazi hata haijaanza.

Mishi akaja na sinia. Vikombe viwili, na katikati ile pua.

"Baba Muna, Mzee Kuldip anakusalimu. Anasema kufunga hii ni nusu saa, uifunge leo au uifunge mwaka ujao."

Rama akatazama sinia kana kwamba limebeba nyoka.

"Baba Muna?" Magdalene akasema. Akamgeukia Rama. "Si uliniambia huyu ni dada yako?"

Hakuna aliyegusa chai.

"Na hii kitu ilikuwa hapa?" Magdalene akaendelea, sauti imekauka. "Jumamosi nne nakosa ovataimu, fundi. Funga niende."

Rama akaingia chini ya gari, na alionekana kuifurahia ile nafasi. Alipomaliza, akachomoa fyuzi ili gari lisahau ugonjwa, akairudisha, akawasha. Taa ikazima.

"Ikiwaka tena?" Magdalene akauliza. Swali alimwelekezea Mishi.

"Nenda kwa Mzee Kuldip. Ni karibu na kwako."

Magdalene akaitikia kwa kichwa, akaondoka bila kupiga honi.

"Umenifukuzia mteja," Rama akasema.

"Ndiyo. Sasa kuja uniambie. Hizo wiki zote, nilikuwa dada yako wa tumbo moja, ama wa kambo?"

Rama akatafuta pa kuketi.