Kioo cha Mwisho cha Mjomba

Saa ya ukutani katika maabara ile ilikuwa nzima, ila hakuna aliyeitazama. Mama Sala, fundi wa kutia rangi vioo vya vipimo, alipima muda kwa maombi. Akishatandaza uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, juu ya kioo na kukitumbukiza kwenye rangi ya zambarau, alifumba macho na kuombea wodi zote, moja baada ya nyingine. Akifika amina, dakika kumi zimetimia. Miaka sita hakukosea, na daktari wa hadubini alishaacha kumtania.

Siku hiyo uboho ulikuwa wa mjomba wake. Damu ilikuwa ikimpungua mwilini na haikujulikana inakwenda wapi; madaktari walihofia saratani. Asubuhi alitobolewa mfupa wa nyonga, na sasa alikuwa ameketi nje kwa kalio moja, akimwambia kila apitaye kwamba hata waje na jeshi, harudii.

Mama Sala akafumba macho. Aliombea ini la mjomba, figo, magoti, hadi viatu vyake vinavyombana. Alipofumbua, kioo kilikuwa cheusi tii. Daktari alichungulia kwenye hadubini, akasema kwa upole kwamba anaona masizi ya sufuria tu.

Kilibaki kioo kimoja tu chenye uboho wake. Nacho kikiharibika, itabidi mjomba atobolewe upya, na kiapo alishakula.

Mama Sala akaishusha saa ukutani, akatoka nayo.

“Mjomba, nimekuombea mno, mpaka viatu vyako, kioo kimeungua.”

“Sasa unataka nini, mwanangu?”

“Nishikie hii. Dakika kumi zikifika, nigongee dirisha, hata ukiniona nalia.”

Mjomba akasimama dirishani, saa kaikumbatia kama kitoto kichanga. Ndani, midomo ya mpwa wake ilianza kwenda mbio. Dakika ya kumi ilipotimia aligonga kwa ngumi zote mbili. Mama Sala alikuwa ndio kwanza anaingia kwenye magoti. Akayaacha hapo hapo, akakitoa kioo.

Daktari alitazama kwa muda mrefu, kisha akatabasamu. Saratani hakuna. Chembe za damu zilikuwa kubwa kupita kiasi na hazijakomaa, kwa kukosa vitamini. Dawa ipo: sindano, kila wiki.

“Inachomwa wapi?” mjomba akauliza.

“Kwenye kalio.”

Mjomba akamgeukia mpwa wake taratibu.

“Mpaka viatu umeviombea,” akasema. “Hili ukaliruka.”