Bakteria Walioshiba

"Preben kawalisha sharubati!"

Asger wa maabara aliyasema hayo akiwa bado mlangoni kwangu, na meza nzima ya kahawa ikamgeukia Preben. Hapa Hvidbæk kisima ni chetu sote, na maji tunayanywa yalivyotoka ardhini, bila dawa. Sasa benzeni, sumu iliyoachwa na kiwanda cha gesi cha zamani, ilikuwa ikinyemelea kisima hicho chini kwa chini. Asger alituletea bakteria wanaokula sumu hiyo. Pipa la kwanza lilimwagwa ardhini Aprili. La pili aliachiwa Preben, mlinzi wa kisima, awalishe waliomo matone ya sumu tu.

"Walikuwa wamenyong'onyea!" Preben alijitetea. "Mgeni wangu anywe sumu, mimi nile keki? Na si walizaliana wakawa wazito kama uji?"

"Mgeni gani, mzee! Uwezo wa kula sumu wanaubeba kwenye kipete cha vinasaba, plasmidi. Ni mzigo. Palipo na sukari, wanaozaliwa bila kipete wanazaana upesi, wanawafunika wenzao. Nimeweka tone lao kwenye sahani yenye sumu tupu. Hajaota hata mmoja."

"Na nilishawamwaga ardhini," Preben akasema.

Binti yangu Maiken, mwenye mimba ya miezi saba, akaweka glasi chini polepole.

"Mama, haya maji ya bomba nimekunywa tangu asubuhi."

Kisima kikafungwa. Asger akachota maji kwenye kisima kidogo cha kupimia, katikati ya kiwanda na kisima chetu, akaenda nayo. Watu walijaa kwangu kama kawaida, ila hakuna aliyemsema mtu. Mimi nilisikia harufu ya lami ya kile kiwanda kwenye mkate, kwenye mto wa kulalia, kwenye nywele za mwanangu. Usingizini Maiken alishika tumbo, nami nikahesabu pumzi zake.

Asger aliporudi, nilimshika koti kabla hajalivua.

"Sema!"

"Sumu imepungua. Wale wa Aprili, kabla hawajafa, waliwagawia bakteria wenyeji wa udongo nakala za kipete. Wanapeana, kama nyinyi na umbea."

Preben alicheka peke yake.

"Na sumu ikibaki kidogo," nikauliza, "hao wenyeji nao hawatakitupa kipete?"

Asger akajikuna ndevu. "Wanaweza. Ndiyo maana tutaendelea kupima. Lakini kisima chenyewe nimekipima, ni safi. Fungueni."

Hakuna aliyeinuka. Maiken ndiye aliyekwenda bombani, akajaza glasi, akainywa nusu huku akinikazia macho. Nikamnyang'anya glasi, na nusu iliyobaki nikainywa mimi.