Piano ya Mzee Jairus

Phanuel, mwenye kibanda cha kurekodi kanda mjini Kakamega, alikuwa akiwatania hata watu waliokuja kuuliza njia tu. Lakini asubuhi hiyo ya mwaka 1994, alipomwona mzee Jairus akija na fimbo yake kutoka mtaa wa Shieywe, utani ulimhama.

"Phanuel! Kanda yangu iko tayari, ama bado unaiatamia kama kuku?"

"Iko, mzee wangu. Karibu kiti."

Ujanani Jairus alifagia hoteli moja ya Kisumu. Ukumbi ukiwa mtupu, alijifunza piano kwa kuiga santuri za bugi-wugi, ule muziki wa Wamarekani weusi ambamo mkono wa kushoto hukimbia kama garimoshi na wa kulia ukicheka juu yake. Mgeni mmoja alimrekodi, akamwachia kanda hiyo moja. Baadaye baridi yabisi ikamkunja vidole. Sasa mtafiti wa chuo kikuu angekuja Jumamosi kuisikiliza, na Jairus alikuwa ameileta itolewe nakala.

Kanda isiyotakiwa kufutika huvunjwa vidude viwili vya mgongoni, pakabaki tundu linaloizuia mashine kurekodi. Lakini warekodi wa Kakamega hawashindwi na tundu: unakunja karatasi, unaziba, mashine inadanganyika. Wiki iliyopita mteja wa Navakholo alitaka nyimbo za kwaya upesi, za mazishi, na kanda tupu zilikuwa zimeisha. Phanuel alichukua iliyokuwa karibu, akaziba tundu huku akipiga mluzi. Kuja kushtuka, kwaya imeshaimba pande zote mbili.

Ndipo, kuficha kosa, akarekodi santuri ya Mmarekani fulani kwenye kanda nyingine. Sasa akaibonyeza.

Piano ikachachamaa. Jairus akainamisha kichwa, vidole vyake vilivyopinda vikitambaa mezani.

"Huyu ni mimi?" akanong'ona. "Kumbe nilikuwa moto hivi! Marehemu Nafula alikuwanga ananiambia napiga kama mtu anayefukuza panya. Mke wangu, sikia basi!" Akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Ukimwibia mtu kuku, walau hakuombei baraka. Mzee akazidi kumbariki. Phanuel alistahimili baraka mbili. Ya tatu ikamshinda. Akazima mashine.

"Mzee, huyo si wewe. Yako niliifuta. Nilirekodi kwaya juu yake."

Piano ilivyokatika ghafla, mama wa mboga wa jirani akachungulia kuona kuna nini.

"Yote?"

"Yote."

"Lakini uliisikiliza kwanza?" Mzee alimsogelea. "Basi niambie tu nilikuwa napiga vipi. Nafula hayuko, mgeni yule simjui aliko. Umebaki wewe."

Uongo ulikuwa hapo hapo, mtamu, umeiva. Phanuel akatazama vile vidole.

"Sikuisikiliza, mzee wangu. Nilibonyeza tu."

Jairus aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa mtu asiyemfahamu vizuri.