Fundi, Fundo na Bibi Harusi

Ijumaa ile, siku ya kuamkia harusi yake, Joyce alitakiwa kuwa chumbani, amepakwa mafuta, ametulia kama yai kwenye kiota, akifundwa na shangazi yake Klara namna ya kuishi na mume. Badala yake alikuwa chini ya gari la baba yake, amelala chali juu ya gunia, nywele zake mpya zimefichwa ndani ya kofia ya kuogea, spana mkononi, naye akimfunda mwingine kabisa. Huyo mwingine alikuwa gurudumu la mbele, upande wa kushoto, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko cha mwari yeyote.

Gari lenyewe, Kilimatinde nzima walikuwa wakiliita Mchepuko. Si kwa ubaya. Tangu lilipokanyaga jiwe kwenye mteremko wa kushukia Manyoni, lilikataa kabisa kubaki njia kuu. Ukilielekeza kanisani, lenyewe linachungulia kilabu cha pombe. Mwenye gari, Mzee Melkizedeki, ni mzee wa kanisa, kwa hiyo jina hilo lilimwingia kama mwiba. Akiendesha, alikuwa akiegemea kulia kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Watoto wa shule wakiliona linakuja upande wao, walihamia ng'ambo ya barabara, kisha ndipo wakaamkia.

Lakini mzee alikuwa ameshasema neno lake. Joyce alipozaliwa, gari hilohilo ndilo lililomtoa hospitali na kumfikisha nyumbani, likiwa bado linang'aa.

"Nilikuleta hapa na hili," mzee alikuwa akimwambia tangu anaota meno, "na nitakutoa hapa na hili."

Joyce naye alilibeba neno hilo moyoni mpaka akawa mwanamke. Walipomwambia kuna gari zuri la kukodi Manyoni, jeupe, lenye kiyoyozi, aliuliza tu, "Kwani naolewa na kiyoyozi?"

Tatizo lilikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, baba yake mdogo Calist, mdogo wake Mzee Melkizedeki. Calist tangu apewe uenyekiti alikuwa akitembea na koti hata juani.

"Kaka," alisema asubuhi ile, "tunampeleka bibi harusi kanisani. Tukimpakia humo, ataolewa kichakani. Mimi nasema hivi: kabla jua halijazama nitapanda mwenyewe, nikae palepale atakapokaa yeye. Likinyooka, riboni zitafungwa hapa. Likipinda, nampigia simu mwenye gari wa Manyoni, na tusinuniane."

Mashine ya kupimia alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, ilikuwa mbali mjini, na harusi ilikuwa kesho. Ndiyo maana baba na binti walilisukuma Mchepuko mpaka kwenye sakafu ya kuanikia alizeti, mahali pekee pale nyumbani palipolala sawasawa, wakaanza kulipiga alaimenti kwa mikono.

Walianza vizuri. Mzee alijaza upepo matairi yote, akatingisha magurudumu ya mbele kusikiliza kama kuna kinacholegea. Hakuna. Usukani akauweka katikati na kuufunga usicheze. Kisha akaleta kamba. Akaifunga kwenye kigingi nyuma ya gari, akaivuta ipite ubavuni mwa tairi la nyuma, iende mpaka mbele. Kamba ikilala vizuri kwenye tairi la nyuma, imenyooka na gari. Kazi yake iliyobaki ni kuonyesha tairi la mbele linaangalia wapi. Joyce chini alilegeza nati, akawa anaizungusha tairodi, ule mkono wa chuma unaoelekeza gurudumu.

"Linaangalia wapi, baba?"

"Ndani sana. Litoe."

"Sasa?"

"Bado lina aibu. Litoe tena."

"Sasa?"

"Hapohapo! Kaza."

Wakafanya upande wa pili vilevile. Mzee akaliwasha, akaenda mpaka zahanati na kurudi. Calist alikuwa ameketi kwenye kigoda, anatafuna karanga, na alianza kucheka gari likiwa bado mbali. Lilikuwa linarudi limebebwa na upande wa kulia.

"Kaka, hongera! Mwanzo lilikuwa mlevi anayekwenda kilabuni. Sasa ni mlevi anayerudi nyumbani."

Mzee akazima gari. Alishuka, akalizunguka gari, akafuta jasho kwa kofia. Joyce aliyaona mabega ya baba yake yameshuka. Alirudi chini ya gari.

"Joyceee!" Sauti ya Shangazi Klara ilitoka jikoni. "Huyu mtoto yuko wapi? Kufundwa si mahakamani, mpaka mtu akimbie!"

"Ametoka kidogo!" Calist akajibu.

"Katoka kwenda wapi? Bibi harusi anatokaje?"

Kabla hajapata jibu, pikipiki iliingia uani. Nyuma ya dereva alikuwa ameketi Laurian, bwana harusi mwenyewe, ametoka Manyoni na mfuko wa riboni nyeupe na maua ya kupamba gari. Kamati ilikuwa imemwagiza avilete, kwa gari lolote litakaloshinda.

Hapo Joyce aliganda. Bwana harusi kumwona bibi harusi siku ya kuamkia harusi ni mkosi ambao Shangazi Klara angeusimulia mpaka kwenye ubatizo wa wajukuu. Alijivuta ndani zaidi chini ya gari, lakini gari lilikuwa fupi na Joyce alikuwa mrefu. Miguu ilibaki nje.

"Shikamoo baba. Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu," mzee alisema, akijaribu kusimama mbele ya miguu.

Laurian ni kijana wa adabu. Hawezi kumpita mtu aliye kazini bila kumsalimia. Akainama.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri," ilijibu sauti nzito kutoka chini. Karanga zilimpalia Calist.

"Litanyooka, fundi?"

"Litanyooka."

"Tafadhali, fundi, jitahidi." Laurian alichuchumaa, akashusha sauti. "Maana Joyce wangu, tangu nimemjua, ni gari la baba, gari la baba. Akishuka kwenye gari la mtu mwingine nitajua amelia njia nzima, ingawa atacheka. Namjua. Mimi nitapokea hata likija kinyumenyume, lakini aje anacheka kweli. Unanisikia, fundi?"

Chini ya gari spana ilidondoka sakafuni.

"Nasikia," ilisema ile sauti, lakini uzito wote ulikuwa umeiishia.

Laurian aliitazama miguu. Kucha zilikuwa nyekundu, zimepakwa jana.

"Baba mdogo, huyu fundi mbona kapaka rangi kucha?"

"Mafundi wa siku hizi ni wasafi sana," alisema Calist, machozi yanamtoka.

"Na hina mpaka kwenye kifundo cha mguu?"

Calist aliinama kuokota karanga. Laurian alisimama polepole, akageuka, akatazama ukuta wa ghala huku meno yote yako nje. "Mimi sijaona kitu," aliuambia ukuta. "Nimeona fundi tu."

"Kama hujaona kitu," alisema Mzee Melkizedeki, "acha kusimama bure. Shika kamba huku nyuma, tupime upya."

Laurian akachuchumaa kwenye tairi la nyuma, mgongo ameupa upande wenye miguu. Alishika kamba, akaitazama, akaitazama tena.

"Baba, samahani. Hili fundo ni la nini?"

"Fundo gani?"

"Hili hapa. Limekaa katikati ya kamba na tairi."

Mzee aliinama. Kamba ilikuwa ile ya kupandia alizeti, na kamba ya kupandia ina mafundo, kila fundo shimo moja la mbegu. Msimu mzima alikuwa ameinyoosha shambani na kuyafuata mafundo hayo, mpaka macho yake yakaacha kuyaona. Na moja, nene kama punje ya mahindi, lilikuwa limebanwa kwenye ubavu wa tairi, likiisukuma kamba nje. Ndiyo maana gurudumu la mbele lilionekana lina aibu. Aibu haikuwa yake.

"Joyce," aliita mzee, akisahau kabisa kwamba Joyce hayupo. "Tulikuwa tunapima fundo!"

"Fundi kashindwa na fundo!" Calist alipiga kelele, akaanguka na kigoda chake.

Basi waliisogeza kamba mpaka mafundo yakaning'inia hewani, yasiguse tairi lolote. Walipima upya, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena kwa sababu mzee hakuyaamini macho yake. Joyce alizungusha tairodi taratibu, robo kwa robo, mpaka baba yake akasema "kaza" kwa sauti ya mtu anayeomba. Akakaza nati zote kwa nguvu za mwili mzima.

Calist akajipangusa koti, akapanda kiti cha nyuma, akakaa palepale atakapokaa bibi harusi. Gari likawashwa, likaondoka.

Na lilipoondoka, Joyce akabaki amelala katikati ya sakafu, hana paa, kama panya aliyeinuliwa ndoo. Alijifunika gunia. Shangazi Klara alitokea jikoni na mwiko mkononi, akakuta gunia lenye miguu ya hina upande huu, na bwana harusi aliyefumba macho upande ule.

"Yesu wangu!"

"Shikamoo shangazi, sijaona kitu," Laurian aliwahi kusema.

Klara alifungua mdomo amalize kazi ya kufunda pale pale, lakini Joyce alimzuia. "Subiri, shangazi. Subiri kwanza."

Wakasubiri. Zahanati si mbali, lakini gari lilichelewa. Joyce aliutazama ule mfuko wa riboni. Alishaanza kujiambia kwamba gari ni gari tu, jeupe au jekundu, alipolisikia.

Lilikuwa linakuja kwenye upande wake wa barabara, limenyooka kama mtu aliyetumwa. Mzee Melkizedeki hakuegemea popote. Ameketi wima, vidole viwili tu kwenye usukani, kidevu juu. Alisimamisha, akaweka kidole mdomoni na kuonyesha nyuma. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, shavu limebandikwa kwenye kioo.

"Kaanza kukoroma tulipogeuza zahanati," mzee alinong'ona. "Nikaenda tena mpaka shuleni, nisimwamshe."

Joyce alitupa gunia, akaruka, akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

"Wewe! Bibi harusi hajipigii vigelegele mwenyewe!"

"Basi nipigie, shangazi."

Klara alijaribu kukasirika. Alishindwa. Alipiga kimoja, kirefu, cha kutikisa vioo, huku Laurian, macho bado kafumba, akipapasa boneti kutafuta mahali pa kufungia riboni.

Ndani ya gari Calist alishtuka, akajiweka sawa koti, akatazama huku na huku.

"Tumeshafika kanisani?"