Wenye Wenza Mbele

Jumanne ya kliniki, zahanati moja nje kidogo ya Rujewa, foleni ya wajawazito ilikuwa imemwagika mpaka uani. Sista Juliana, ambaye sauti yake haihitaji kipaza, akatoa kichwa dirishani: "Wenye wenza mbele! Aliyekuja na mwenza apite, tusichoshane!"

Utaratibu huo kila mtu anaujua. Ukija na mwanaume wako mpimwe wote, hukai foleni. Ukija peke yako, kaa hapo uote mizizi.

Akainuka mwanaume mmoja, shati limepigwa pasi mpaka linakata, kamshika binti mkono. Akawapita watu wote.

"Eh, baba ana haraka huyo!" wakacheka wamama. Halafu wakamwona binti vizuri. Kicheko kikakatika kama redio iliyoisha betri.

Mezani alikaa Shufaa, nesi mpya, hata miezi mitatu hajafikisha tangu atoke chuo.

"Jina la mama?"

"Blessing," akajibu mwanaume.

"Umri?"

"Kumi na nane." Bado anajibu yeye. Binti alikuwa amevaa soksi za shule.

"Mwenza?"

"Sedekia," akasema, macho kwenye saa. Shufaa akaandika. Ndipo mwanaume akagutuka. "Aa, nesi, futa hapo! Mimi baba yake mdogo. Nilijua mwenza ni yule anayesindikiza."

"Hamna shida, baba." Shufaa akachora mstari juu ya jina. Chuoni walifundishwa vizuri tu: mtoto mwenye mimba ni mtoto aliyetendewa uhalifu. Mtenganishe na aliyemleta. Usimhoji mbele yake. Ila chuoni aliyemleta alikuwa mchoro ubaoni. Hakuwa na mikono mikubwa hivi, na hakukaa kati yako na mlango.

"Yeye atapima mkojo na mimi chumba cha ndani. Wewe subiri hapa."

"Hakuna kupima. Nina mpunga mashineni. Blessing, inuka!"

Binti akainuka hapo hapo, kama askari. Hilo ndilo lililomtisha Shufaa kuliko ile mikono.

"Sawa, baba. Ila asipopima, kesho mhudumu wa afya atamfuata kwenu, na mwenyekiti wa kijiji." Uongo mtupu. "Majirani si watauliza?"

Sedekia akakaa. "Dakika ngapi?"

"Kumi."

Chumba cha ndani Shufaa akasukuma komeo, akampigia Eveline, afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya wilaya. "Dada, nina mtoto hapa. Aliyemleta ndiye aliyempa mimba, nadhani."

"Nakuja na afande wa dawati la jinsia. Nusu saa."

"Nina dakika kumi!"

"Usifungue."

Blessing alikuwa amejibana ukutani. "Nesi, mbona umefunga? Atakasirika."

"Una miaka mingapi, mdogo wangu?"

"Kumi na tatu. Usimwambie nimesema."

Mlango ukagongwa. "Nesi! Mkojo gani huo usioisha?" Ukagongwa tena, kwa bega sasa, komeo likaruka kidogo na vumbi likadondoka. Nje Sista Juliana akafoka, "Baba, ukivunja utatengeneza wewe, serikali haina hela!" Lakini sauti yake ile kubwa ilikuwa imepasuka katikati.

Shufaa akaegemeza mgongo mlangoni. Blessing akaja akaegemea pembeni yake, bila kuambiwa. Wakahesabu pumzi. Halafu kugonga kukakoma, na pikipiki ikanguruma uani, ikaondoka.

Eveline alipofika na afande, Shufaa alikuwa bado hajatoa mgongo mlangoni. Wakampandisha Blessing kwenye gari, Shufaa kando yake, afande mbele na dereva. Eveline akamweleza polepole: daktari atamwona leo hii, bila kungoja karatasi ya polisi, hakuna atakayemgombeza, na leo harudi nyumbani.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Blessing akatazama barabara ya vumbi alikopotelea yule mwenye pikipiki.

"Na Sifaeli je?" akauliza. "Mdogo wangu. Ana miaka tisa. Saa hizi ametoka shule, yuko nyumbani."

Eveline akampiga dereva begani. "Geuza gari."